Mume na Mke Wapanga Safari ya Ng'ambo ya Ruvuma

Ndugu msomaji, hapa kwetu Rutamba mtu akionekana anafunga mzigo huulizwa swali moja tu: "Nani amekufa?" Kama hana msiba, basi ana mgonjwa wa kupeleka Nyangao au Ndanda, au ana harusi, au ana kesi Lindi. Mume na mke kuacha watoto kwa shangazi yao, wakapanda motokaa pamoja kwenda kutazama nchi ya watu na kisha kurudi, jambo hilo bado halijazoeleka. Tulipoanza kulitaja, mimi na mama watoto, jirani mmoja aliuliza kama tumepata bahati nasibu. Hatukupata. Tuliuza korosho kama yeye alivyouza.

Nchi tunayotaka kuiona ni Msumbiji, nawe usishangae. Wazee wa Rutamba wanakumbuka vizuri. Vita ya kudai uhuru wa Msumbiji ilianza Septemba 1964, na watu wengi, hasa Wamakonde, wakaukimbia utawala wa Wareno wakavuka Ruvuma. Serikali yetu iliwapa wakimbizi hao mahali hapa Rutamba wafyeke, wajenge na kulima. Msumbiji ilipopata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975 wengi walirudi kwao. Wengine walikuwa wamekwisha oa na kuolewa, wakabaki. Bibi wa mke wangu ni mmoja wa hao waliobaki.

Bibi huyo yungali hai. Alizaliwa kwenye uwanda wa juu wa Mueda, mahali penye ardhi nzuri lakini maji hayako karibu. Akina mama walikuwa wakishuka mabondeni na mitungi, na kuipandisha tena kichwani. Kwa sababu hiyo alipofika hapa na kuliona ziwa letu, asema, alikaa chini akacheka. Mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu ni vitabu. Siku moja nilipokuwa nikinakili kitabu cha zamani cha ndoa nililikuta jina lake, na pembeni mwake imeandikwa kwa wino uliopauka kwamba alibatizwa Nangololo. Nangololo ni misioni iliyofunguliwa mwaka 1924 huko huko kwenye uwanda wa Wamakonde wa Msumbiji. Nilimwonyesha mke wangu. Akaushika ule ukurasa kwa muda, halafu akasema, "Baba watoto, na sisi twende tukapaone."

Basi tukaanza kupanga. Nakwambia mambo haya kwa urefu kidogo, maana huenda nawe una ndugu ng'ambo ya mpaka wowote, uwe wa Ruvuma au wa Songwe.

Kwanza ni majira. Fedha ya korosho huja minadani tangu Oktoba hadi Desemba, na mvua nayo huingia wakati huo huo. Wakati una fedha, barabara za udongo ni tope. Barabara zikikauka, mfuko umekauka nao. Dawa yake ni kuitunza fedha ya msimu mmoja mpaka Julai au Agosti ya mwaka unaofuata, na hilo ni gumu kuliko safari yenyewe, kwa maana ada za shule hazingoji, wala paa la nyumba halingoji. Sisi tuligawana kazi: mimi nilitunza fedha ya mafuta, mke wangu fedha ya vitabu vya kusafiria na chakula. Yeye hakugusa hata senti. Juu yangu sitasema mengi.

Pili ni karatasi. Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo usidhani utavuka kwa kitambulisho. Chukua pasipoti kamili. Ada yake tulilipa shilingi 150,000 kwa kila mmoja, yaani 300,000 kwa mume na mke. Hiyo peke yake ni magunia kadhaa. Huulizwa pia cheti cha kuzaliwa cha mzazi wako. Mama mkwe wangu alizaliwa hapa Rutamba katika nyumba ya wakimbizi, hana cheti cha namna hiyo. Alichokuwa nacho ni ubatizo wake ulioandikwa kitabuni. Ikabidi kwenda kuapa mbele ya wakili, na hati ya kiapo ikapokelewa. Wazazi mnaosoma habari hii, mtoto akizaliwa mwandikisheni serikalini pia, msingoje mpaka awe na wajukuu.

Motokaa si yetu; ni ya shemeji yangu. Ukiendesha gari la mwingine kuvuka mpaka, uwe na kadi yake na barua ya mwenye gari iliyopigwa mhuri wa wakili, la sivyo utaonekana mwizi. Mpakani gari huandikishwa kuwa linaingia kwa muda, na bima ya huko hulipiwa huko huko. Uwe na pembetatu mbili za kutahadharisha, na fulana ing'aayo usiku. Jambo moja jema: ijapokuwa walitawaliwa na Wareno, huko nao huendesha kushoto kama sisi.

Sasa njia yenyewe. Kutoka hapa twashuka kwa barabara ya udongo mpaka Mingoyo, na kuanzia hapo ni lami. Twapita Mtama na Nyangao. Karibu yake ni Mahiwa, ambako mnamo Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana vita kali, na askari na wapagazi Waafrika wakafa kwa ugomvi usio wao. Kisha Ndanda chini ya uwanda wetu wa Makonde, kisha Masasi yenye majabali yasimamayo kama nyumba za majitu. Baada ya Masasi ni Mangaka, halafu kama kilometa 65 mpaka Mtambaswala. Jumla ni karibu kilometa 300. Gari la shemeji lala lita moja kwa kilometa kumi, basi lita 30 za kwenda na 30 za kurudi, na akiba ya lita 20 katika dumu.

Mtambaswala ndipo lilipo Daraja la Umoja. Mwalimu Nyerere na Samora Machel waliliwaza tangu mwaka 1975, lakini lilifunguliwa Mei 2010, mbele ya Rais Kikwete na Rais Guebuza. Urefu wake ni meta 720. Ng'ambo ni Negomano, mahali mto Lugenda unapoingia Ruvuma. Wale Wajerumani waliotoka Mahiwa walivukia hapo hapo Novemba 1917, wakawashambulia Wareno. Na kutoka Negomano barabara yaenda Mueda.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo mimi na mke wangu tulipokosana. Mkoa huo wa Cabo Delgado una fitina ya silaha tangu Oktoba 2017, watu wenye bunduki walipoushambulia mji wa Mocímboa da Praia. Oktoba 2020 walivuka hata kwetu wakaua watu Kitaya, mkoani Mtwara. Mwaka huo huo walifika Nangololo, na kanisa lile la misioni likaharibiwa. Askari wa Rwanda na wa nchi za kusini waliingia kusaidia mwaka 2021, lakini hata mwaka 2025 mashambulio yalikuwa yakiendelea, na maelfu ya watu wamekimbia vijiji vyao kama bibi alivyokimbia.

Mke wangu alisema, "Nimetunza fedha miezi minane ili nione daraja?" Nami nilisema watoto wanne hawawezi kulelewa na pasipoti mbili. Tulinyamaziana siku mbili. Mashauri ya safari ya watu wawili yana ubaya huo; mmoja akishinda, wote wawili husafiri na kinyongo ndani ya gari. Mwishowe tukampelekea bibi.

Yeye hunitania kwa kuniita mume wake mdogo, lakini siku ile hakutania. Alituuliza kama daraja lina ukuta wa pembeni. Tukamwambia linao. Akasema alivuka mto ule usiku ndani ya mtumbwi, mtoto mchanga mgongoni, na mwenye mtumbwi akamwambia mtoto akilia watatupwa wote majini. Mtoto hakulia. "Vukeni mchana," akasema, "mkanyage kule, mrudi. Usiku mlale Masasi. Mueda mtakwenda siku watu wa Mueda watakapolala kwao."

Hivyo ndivyo tulivyopanga. Siku ya kwanza Rutamba mpaka Masasi, na usiku ule tutawauliza madereva wa malori habari za mpakani. Siku ya pili alfajiri Mtambaswala, tuwasikilize maofisa wa uhamiaji. Wakisema hapana, hatutabishana nao. Wakiruhusu, twavuka, tule chakula Negomano kwa fedha ya metikali, na kabla ya saa tisa mchana tuwe tumerudi upande wetu. Siku ya tatu na ya nne ni za Ndanda, kupumzika tu, jambo ambalo mke wangu hajalifanya tangu tuoane.

Tutaondoka Agosti. Gari limebadilishwa mafuta ya injini na matairi mawili ya nyuma. Mke wangu amenunua daftari, amwandikie bibi yake kila atakachokiona kuanzia Mtambaswala, kwa sababu mimi, asema, nitaandika kilometa tu.