Cheni Mpya, Meno ya Zamani

Wasee, karibu nigongwe na matatu Jogoo Road, na sio makosa ya matatu.

Baiskeli yangu niliitoa Gikomba, mtumba, cheni imechoka. Fundi mmoja mzee wa mtaani akaiwekea rula. Vipande 24 vya cheni mpya ni inchi 12 kamili. Yangu ilikuwa imepita alama, unaona kwa macho. "Kijana, toa cheni na friwili pamoja." Mimi nikajua anataka kunila tu. Nikanunua cheni pekee, nikaifunga mwenyewe, nikapiga picha nikawawekea hapa.

Kesho yake nikasimama kwa pedali nipite lori lililoegeshwa. Cheni ikaruka. Mguu ukashuka bure, goti likagonga usukani, nyuma yangu breki zikalia. Makanga alinitusi mpaka akachoka. Sikuwa na jibu.

Iko hivi: cheni ikizeeka hurefuka, na inakula meno ya friwili hadi yafuate urefu wake. Ukiweka mpya haikai. Ukikanyaga kwa nguvu inapanda juu ya jino na kuteleza.

Nilirudi kwa mzee nikisukuma. Aliangalia goti, akaangalia cheni inavyong'aa, akafungua droo ya mafriwili bila neno. (Afadhali angenicheka.)

Sasa, ile picha. Kuna mmoja wenu aliniuliza kama abadilishe cheni pekee, nikamjibu ni rahisi, fanya tu. Kama ni wewe unasoma, tafadhali usitoke nayo kesho.