Betri mbili kuelekea Engaresero

Ukitoka Mto wa Mbu kwenda kaskazini, ukuta wa Bonde la Ufa unakuwa kushoto kwako muda wote. Unapita Selela, kisha Engaruka yenye magofu ya mashamba ya kale ya umwagiliaji, halafu Ol Doinyo Lengai unajitokeza, ile volkano ambayo Wamasai huiita mlima wa Mungu. Baada ya hapo ni vumbi, mawe na joto hadi Engaresero, kando ya Ziwa Natron.

Nilipita njia hiyo kwa pikapu ya huduma ya mkoba. Nyuma tulibeba friji ndogo ya chanjo, na chanjo za watoto zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Joto likizidi, ya surua inapoteza nguvu. Baridi ikizidi ikaganda, ya pepopunda inaharibika. Kinachonitisha ni kwamba chanjo iliyoharibika haijitangazi: mtoto analia vilevile, kadi inaandikwa vilevile, ila kinga hakuna.

“Injini ikilala, friji hailali,” dereva aliniambia akifungua bodi kunionyesha betri ya pili.

Betri ya kuwashia gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha altaneta inairudishia. Ukiitwisha friji usiku kucha, asubuhi stata inalia “tik” na kunyamaza. Yalishamkuta. Morani wanne walisukuma pikapu mpaka ikawaka, na chanjo zikahamishiwa haraka kwenye sanduku baridi.

Betri ya pili ni ya aina nyingine, ya kutoa umeme polepole kwa saa nyingi. Kati yake na ya mbele kuna rilei: injini ikiwaka, zote mbili zinachajiwa, ikizimwa, zinatenganishwa na friji inakula ya nyuma peke yake. Waya ni mnene, na kila betri ina fyuzi karibu yake. (Fundi akikwambia fyuzi si lazima, tafuta mwingine.) Imefungwa kwa mkanda ndani ya kisanduku chenye matundu, kwa sababu betri ya asidi ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Si kitu cha kuweka chini ya kiti wanapokaa watoto.

Hesabu haina ugumu. Betri ya ampea-saa 100, ukitumia nusu tu ili isife mapema, inakupa 50. Friji inayokula wastani wa ampea 2 itakwenda kama saa 25. Joto la Natron linapunguza, lakini usiku mmoja unapita.

Tulilala njiani, na asubuhi kipimajoto cha friji kilisoma 5. Gari liliwaka mara moja. Chini ya mgunga akina mama walikuwa wameshafika, mmoja akiwa na mtoto wa miezi tisa, umri wa dozi ya kwanza ya surua na rubela.

Muuguzi alimwonyesha kichupa kabla ya kukifungua. Kina alama ya mduara wenye mraba mdogo ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko mduara, joto halijaiharibu. Ukifanana nao au ukiwa mweusi zaidi, haitumiki.

“Yeyo, umeona?” aliuliza.

Mama akainama, akaangalia kwa makini, kisha akamshika mtoto mguu.