Jino Likiruka, Weka Mswaki Chini

Wasee, kabla hamjanicheka, mjue nilifanya kwa roho safi.

Jioni moja hapa Lafey tunacheza boli, binamu yangu wa miaka 15 akala kiwiko cha mdomo. Jino la mbele likaruka mpaka mchangani, zima, na mzizi wake wote. Ghafla kila mtu ni daktari. Mimi nikatoa caday mfukoni, nikalimwagia maji, nikasugua mpaka mzizi ukang'aa mweupe pe. Jirani akaleta malmal, eti inatibu kila kidonda. Tukalifunga kwa tishu. Gari la Mandera ni asubuhi, na usiku barabara yetu haisafiriwi, mnajua mbona.

Kesho yake daktari wa meno akafungua tishu, akauliza kitu moja tu: "Nani alisugua hii?" Nikaangalia viatu vyangu.

Kumbe ile nilidhani ni uchafu ndiyo ilikuwa uhai wa jino. Mzizi umevalia nyuzi laini zenye seli hai, na hizo ndizo hushika jino kwa mfupa. Ukisugua, unazitoa. Ukiacha jino likauke kama saa moja hivi, nyingi zinakufa. Yetu ilikauka usiku mzima, kwenye tishu!

Basi akaenda kwa plan B. Akapangusa nyuzi zilizokufa kwa shashi, akaliloweka kwenye floraidi ya asilimia 2 kwa dakika 20, akalirudisha na kulifunga kwa waya kwa meno ya jirani. Nikafikiri floraidi inafufua. Hapana. Inapunguza tu kasi ya mwili kuutafuna mzizi. Bila zile nyuzi, mfupa unashikana na jino moja kwa moja, kisha pole pole unalila.

Watu wa dawa za asili, msinikasirikie, hata nyinyi mna pointi. Propolisi, ile gundi ya nyuki, imepimwa maabara kutunza seli za mzizi na imefanya vizuri. Lakini hiyo ni ya kuweka seli hai zikiwa bado hai. Hakuna majani wala kemikali ya kurudisha seli nilizozimaliza na caday.

Kwa hivyo sisi wa mbali na daktari, kazi yetu ni zile dakika tano za kwanza. Shika jino upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze kidogo tu kwa maziwa au maji ya dripu. Lirudishe shimoni hapo hapo, mwenyewe aume kitambaa, mwende. Mkiogopa, litieni kwenye maziwa fresh. Ya pakiti ni sawa, na ya mbuzi pia yamepimwa, na mbuzi hatukosi. Si mala, uchachu unaua seli. Maji ya kawaida pia si pa kulihifadhi. Kama ni jino la utoto, usilirudishe, utaumiza lile linalokuja chini.

Binamu bado analo. Daktari akiligonga linalia kama chuma, maana yake limeshikana na mfupa. Taya lake bado linakua, jino halikui nalo, na tayari linaonekana fupi kuliko jirani yake. Kwa picha anafunga mdomo. Bado hajaniuliza ni nani alisugua.