Samaki wa Tangi la Kioo



Wapendwa waamini na ndugu wasomaji, wengi wenu, mnapofika nyumbani kwetu kuandikisha nia za misa au ubatizo, mmekuwa mkituuliza kwa nini sebuleni kuna matangi mawili ya kioo, moja likiwa na samaki kadhaa na jingine likiwa na samaki mmoja tu. Tumekuwa tukicheka na kubadilisha mazungumzo. Wiki hii tumeona ni haki tuwaeleze, ingawa habari yenyewe ina aibu yetu ndani yake.

Tangi la kwanza, lenye ujazo wa lita 300, tuliachiwa na familia moja iliyohamia Dodoma. Tukaona si vema likae tupu ilhali bahari haiko mbali na Bunju. Kijana mmoja wa kwaya, hodari wa kupiga mbizi, akajitolea kutuletea samaki. Tulimpa fedha kidogo na agizo moja tu: wawe wazuri. Hatukumwuliza atawatoa wapi.

Naye akaleta wazuri kweli. Walikuwamo kangaja wawili wa rangi ya buluu wenye pezi la njano mgongoni, kitatange mmoja, kikande wa kijani kilichokolea mwenye mistari ya rangi ya machungwa, na wale wadogo wawili wenye mistari miwili myeupe, ambao baharini huishi katikati ya minyiri ya anemoni. Tena kamba wachache, konokono, na bunju mdogo, ambaye sisi wenyewe tulimsisitiza, kwani mtu wa Bunju atakosaje bunju? Jioni ile tulisimama mbele ya kioo kama watoto mbele ya pango la Noeli.

Kesho yake kamba hawakuonekana. Siku ya tatu tulimkuta kangaja mmoja amelala chini, ubavu umechanwachanwa, na mwenzake akizunguka tangi zima kama mwenye nyumba. Konokono walibaki magamba. Kitatange hakuguswa na mtu, ila hakula chochote tulichompa. Tulimwona akikonda siku kwa siku hadi akafa. Huyo ndiye aliyetuuma zaidi moyoni.

Tulikwenda Kunduchi kwa mzee mmoja mvuvi tunayefahamiana naye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Padre. Leo umekuja na uso wa matanga."

Tukamsimulia. Alicheka mpaka akashika ubavu wa ngalawa. Kisha akasema, "Umechagua kwa rangi, Padre. Samaki huchaguliwa kwa mdomo."

Tuliporudi tulianza kuitazama midomo, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya maishani isipokuwa samaki akiwa sahanini. Bunju ana meno manne yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, na kazi ya meno hayo ni kupasua kaa, konokono na hata matumbawe. (Kwamba nyama yake inaweza kuua mtu, na kwamba sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, watu wa pwani hawahitaji kuambiwa na padre.) Kikande ana taya za kuvunjia magamba. Kitatange ana kimdomo chembamba kama kibanio, nacho katika jamaa nyingi za samaki hao ni cha kudonolea vinyama hai vya matumbawe. Wapo wasiojua chakula kingine, hata ukiwawekea karamu. Kangaja huchunga mwani kama mbuzi, hamdhuru kamba wala konokono, lakini shinani mwa mkia ana mwiba mkali kama wembe, naye humchukia hasa yule anayefanana naye. Baharini aliyeshindwa hukimbia. Katika lita 300 atakimbilia wapi?

Mengine tulifundishwa na muumini wetu mmoja aliyesomea uvuvi Mbegani, Bagamoyo. Alituuliza kwanza kama tulitaka tangi la samaki au tangi la matumbawe, kwani ukitaka matumbawe hai, zaidi ya nusu ya samaki unaowatamani wanatoka katika orodha hapo hapo. Kisha akauliza maji yalikaa muda gani kabla ya samaki kuingia. Tulipojibu kwamba ilikuwa siku ile ile, alishika kichwa. Tangi jipya, alisema, ni kama nyumba isiyo na choo. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, na vijidudu vya kuigeuza kuwa kitu kisichodhuru sana huchukua wiki nne hadi sita kuota kwenye mawe na mchanga. Kwa hiyo hata kama wangekuwa malaika wote, wangeugua.

Alitufundisha pia kwamba mpole hutangulia na mkali huja mwisho, kwa sababu aliyetangulia hujitwalia tangi zima. Na wale wadogo wa anemoni wawe wawili, basi: wote huzaliwa madume, aliye mkubwa kuliko wote hugeuka kuwa jike, na jike akifa dume lake hushika nafasi hiyo. Wa tatu ni wa kufukuzwafukuzwa tu. Tukiri kwamba jambo hili lilitushangaza kuliko mengi tuliyofundishwa seminarini katika somo la elimu ya viumbe.

Swali lake la mwisho ndilo lililotuletea aibu. "Baba Paroko, hawa walitolewa wapi?"

Kijana alitazama chini. Walitoka kwenye miamba ya Mbudya. Sasa Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, na pale hakuna ruhusa ya kuvua. Kijana hakuwa peke yake katika kosa hilo. Mikono ilikuwa yake, lakini fedha na tamaa vilikuwa vyetu. Tulimwambia hivyo mbele ya mama yake, ili asije akabebeshwa mzigo mzima.

Na miamba ile imekwisha kuteseka vya kutosha: ilivunjwa kwa baruti miaka mingi, na mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe katika upande huu wote wa Bahari ya Hindi. Watafiti waliochunguza miamba ya Kenya walionesha kwamba kikande ni mlaji mkuu wa vile viumbe vya miiba vinavyowachoma waogeleaji. Akivuliwa akaisha, wao huongezeka na kuyatafuna matumbawe hadi yakamomonyoka. Yule tuliyemwita muuaji sebuleni alikuwa mlinzi kule tulikomtoa.

Tulitaka kuwarudisha mara moja. Mzee wa Kunduchi aliona ndivyo inavyopasa. Mhitimu wetu wa Mbegani alikataa katakata: samaki aliyekwisha kukaa tangini huweza kubeba maradhi asiyokuwa nayo, na kumrudisha ni kuwaambukiza wale tuliowaacha. Tulibishana jioni nzima, chai ikapoa. Mwishowe tulimfuata aliyesoma, ingawa moyo ulikuwa upande wa mzee.

Hivyo kangaja aliyebaki alipelekwa kwa ndugu mmoja mwenye tangi la zaidi ya lita 1,000. Bunju alikufa kabla hatujaamua. Wale wadogo wawili wamebaki katika tangi la kwanza, lililosafishwa na kuachwa wiki sita na mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu, na baadaye tukawaongezea kamba na konokono walionunuliwa kwa mvuvi nje ya hifadhi. Siku umeme ukikatika, kijana yule yule huja kupepea maji kwa ungo, maana yakipita nyuzi 30 wote huanza kuhema.

Kikande yumo katika tangi la pili, peke yake. Hawezi kuwekwa na yeyote kati ya hao, wala hawezi kurudi Mbudya, na tunaambiwa ataishi miaka mingi. Saa kumi jioni, tunapoketi kunywa chai, yeye huja kwenye kioo na kututazama, jicho moja kwanza, kisha anageuka na kututazama kwa jicho la pili.