Paya, Mgeni na Mwenyekiti

Ukivuka mpaka Malaba, foleni ya malori ndiyo inayokupokea Uganda. Kisha unauona Mwamba wa Tororo, umesimama peke yake juu ya mji, mita 1,483 kutoka usawa wa bahari. Kwenda Paya unaupa mgongo. Lami inabaki nyuma, moshi wa kiwanda cha saruji nao unabaki, na bodaboda inaingia Budama Magharibi kwa barabara ya udongo mwekundu, mihogo na wimbi pande zote mbili. Paya ni gombolola, yaani tarafa ndogo, ya wakulima katika wilaya ya Tororo. Senta yake ni maduka machache, mashine ya kusaga, fundi wa baiskeli, na watu wanaomtambua mgeni kabla hajashuka.

Nilimfuata muuguzi kijana, mwenyeji wa Mbarara, aliyepangiwa kazi huku. Mtu angetarajia mimi Mkenya ndimi niwe mgeni zaidi yake. Sivyo. Yeye amezaliwa Uganda, ana kitambulisho cha Uganda, lakini Kinyankole chake hapa hakifui dafu, na Kidhopadhola, lugha ya Wapadhola, hakifanani nacho hata kidogo. Mimi niliyekulia kati ya Wajaluo wa Kisumu nilikuwa nikidaka neno hapa, neno pale. Masimulizi ya wazee yanasema Adhola wa Wapadhola na Owiny wa Wajaluo walikuwa ndugu. Adhola akabaki Budama, Owiny akaendelea na safari hadi Nyanza. Mpaka wa wakoloni ulikuja baadaye sana, na undugu huo bado unasikika midomoni mwa watu.

Jambo la kwanza muuguzi alilotakiwa kulifanya lilikuwa kwenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Kila kijiji Uganda kina mwenyekiti huyo. Mabaraza haya yalianza miaka ya 1980 yakiitwa ya upinzani, na baada ya katiba ya 1995 yakawa mabaraza ya mitaa. Mgeni hujitambulisha: ametoka wapi, analala kwa nani, amefuata nini. Bila barua yenye muhuri wa mwenyekiti, mambo mengi yanakwama, na usiku mtu akikukuta njiani hana wa kumuuliza habari zako. Tuliozoea Nairobi, ambako jirani wa mlango wa pili anaweza kuhama usijue, tunaona huko ni kuchunguzwa. Nilipomsikiliza mwenyekiti akimuuliza muuguzi habari za wazazi wake, akaagiza apelekwe kwa mama mmoja wa jirani mwenye chumba, niliona ulinzi. Siku hiyohiyo kijiji kilikuwa kimeshachukua dhamana yake.

Baada ya hapo ni salamu. "Yoga," unasema, na usipite mbio. Ukimkuta mzee, unamwita Jadwong, unasimama, unajibu kuhusu nyumbani, kazi na mvua. Muuguzi alikuwa akitembea kwa mwendo wa hospitali ya mjini, na watu wakamwona ana maringo. Mama mwenye nyumba ndiye aliyemweleza, kwa upole, kwamba mgonjwa asiyesalimiwa njiani hafiki kituo cha afya hata akizidiwa. Maneno hayo yana uzito kuliko mafunzo mengi ya utumishi niliyowahi kuyasikia.

Na wagonjwa wapo. Nagongera, isiyo mbali na hapa, ni mahali ambapo watafiti wa malaria wamefanya kazi kwa miaka mingi kwa sababu mbu wake walikuwa kati ya wengi mno Uganda. Upuliziaji wa dawa majumbani ulipoanza Tororo mwishoni mwa 2014, malaria ilishuka sana. Dawa zilipobadilishwa mwaka 2020, ikapanda tena. Mwenyeji aliyekulia hapa mwili wake una kinga kiasi. Mtu wa kutoka nyanda za juu hana. Mama mwenye nyumba alikuwa ametundika chandarua kitandani kabla mgeni hajafungua begi.

Kiswahili? Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni, na vijana wa bodaboda wanaoshinda Malaba na Busia wanakimudu vizuri. Wazee ni habari nyingine. Wengi wanakumbuka miaka ya Idi Amin, aliyekitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na Kiswahili walichokisikia zaidi kilikuwa cha askari; kambi ya Rubongi iko Tororo hapohapo. Mzee mmoja alinijibu kwa Kiswahili sanifu kabisa, kisha akahamia lugha yake na hakurudi tena. Sikumlazimisha, na wapenzi wa Kiswahili tunapaswa kuubeba ukweli huo bila kununa.

Jioni watu wanauzunguka mtungi wa kongo, pombe ya wimbi inayoongezwa maji ya moto na kunywewa kwa mirija mirefu. Muuguzi hanywi. Alikaribishwa vivyo hivyo, akapewa kiti na karanga, akakaa. Hapo ndipo alipojifunza maneno ya tumbo, homa, kuhara na mimba, akiyarudia huku wanawake wakimsahihisha kwa furaha kubwa. Sikuona darasa jingine la lugha kwa ajili ya watumishi wa umma.

Serikali inayomtuma muuguzi kutoka Mbarara hadi Paya, au mwalimu kutoka Paya hadi Kabale, impe angalau mwezi mmoja wa kufundishwa lugha ya huko anakokwenda kabla hajaripoti kazini. Walimu wa lugha hizo wapo. Walipwe, waitwe.