Sikuiombea Ile Bahasha



Jumapili wengine wenu mlinung'unika, na siwalaumu. Mama mmoja alimleta kijana wake mbele na bahasha ya karo ya shule ya udereva wa malori, akaniomba niiwekee mkono. Nikamrudishia. Nikasema, "Mama, tuonane kesho." Kanisa likanyamaza kimya. Acha niwaeleze, kwa ruhusa ya wote wawili.

Huwa mnaniuliza kuhusu hili kovu la paji la uso. Kabla ya chuo cha Biblia nilikuwa utingo wa trela, Mombasa hadi Malaba. Safari moja dereva wetu mzee aliugua, tajiri akatupa dereva mpya. Leseni alikuwa nayo, tena safi. Tulitoka Malaba na kahawa ya Uganda, tukapanda hadi Mau Summit bila shida. Mteremko wa kwenda Salgaa ndio uliotuumbua. Aliuingia na gia kubwa, mguu juu ya breki wakati wote. Nikasikia harufu ya breki zinaungua, lakini utingo utamwambia nini dereva? Tulipopita Sachangwan breki zikakataa kushika. Akajaribu kurudi gia ndogo. Kwa mwendo ule gia haiingii, inakwaruza tu. Akaamua kuligongesha lori kwenye ukingo wa barabara.

Hakuna aliyekufa, Mungu apewe sifa. Dereva yule alikaa kwenye majani huku damu inamtoka, akaniambia kwamba shuleni kwao lori lilikuwa tupu na uwanja ulikuwa tambarare. Hakuwa amewahi kushuka mlima na mzigo hadi siku ile.

Mpendwa, nataka uelewe hapo. Dereva anayejua huchagua gia ndogo akiwa bado juu, injini ndiyo izuie lori, breki aziguse na kuachilia. Zikishapata joto jingi, hata ukanyage kwa miguu miwili hazishiki. Jambo hilo halifundishwi kwa ubao wenye magari ya kuchezea.

Kwa hiyo Jumatatu nilifunga ofisi, tukaenda kutembelea shule, mimi na kijana.

Ya kwanza ndiyo waliyokuwa wameichagua, kwa sababu ya bei. Ofisi nzuri, ghorofa ya pili. Nikauliza lori liko wapi, nikaambiwa liko gereji. Nikauliza mwanafunzi anashika usukani saa ngapi kwa jumla, yule msichana akacheka. Kisha mwenyewe akaninong'oneza kwamba mtihani usitutie wasiwasi, wanajuana na watu. Aliona kola yangu na bado akaniambia!

Ya pili lori lilikuwapo, na vijana tisa nyuma wakingoja zamu. Tulikaa karibu saa mbili tukihesabu. Kila mmoja alipata kama dakika kumi.

Ya tatu iko mbali, kuna vumbi, na choo chake sitakizungumzia. Lakini mzee anayefundisha hapo alitutolea cheti cha usajili wa NTSA na leseni yake ya ualimu kabla hatujauliza. Hakumruhusu kijana kupanda. Alimwambia kwanza azunguke lori, aguse magurudumu, atoe maji kwenye mitungi ya upepo wa breki, aangalie mshale wa upepo ukipanda. Lori lake hulipakia mawe. Kijana alipomuuliza kuhusu trela, mzee akamjibu, "Wewe una B ya gari dogo. Anza na C ya lori. CE ya trela ina umri wake na uzoefu wake, hutaipata kwangu kwa wiki mbili." Nikataka kumkumbatia.

Yesu katika Luka 14 alimtaja mtu wa mnara, anayekaa kwanza ahesabu gharama. Sisi tukisoma pale tunahesabu shilingi tu. Lakini Juni 2023, pale makutano ya Londiani, lori liliacha njia likaingia kwa watu waliokuwa sokoni na wanaongoja magari, wakafa zaidi ya 50. Sisemi dereva yule alifunzwa vibaya. Nasema mama mwenye nyanya kando ya barabara naye yumo kwenye hesabu ya karo hii, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa shida ni hii. Karo ya mzee ni karibu mara mbili ya kilichomo kwenye bahasha, na kilichomo ni ng'ombe aliyeuzwa. Kijana amenikasirikia. Anasema kuna kazi inamngoja Mombasa, mwezi ukiisha atapewa mwingine, na mimi naongea nikiwa kwenye kiti cha kivuli. Hapo hajakosea sana. Mama yake hasemi kitu, ananiangalia tu, na hilo ndilo linaninyima usingizi.

Hajaamua. Bahasha anayo yeye.

Kama wewe ni dereva wa malori na unaabudu nasi, njoo Jumatano baada ya maombi ya mchana ukae naye. Mwambie kuhusu Salgaa, Kikopey, popote ulipowahi kuogopa. Mimi ananiona mchungaji tu. Na wewe mwenye lori unayetafuta utingo mwaminifu wakati anaongeza karo, nitumie ujumbe leo.