Walimwita Nguva, goti likamrudisha upande wa watoto

Kitu ambacho watu hawakwambii kabla ya operesheni ya goti ni habari ya paja. Unajiandaa kwa kovu, kwa magongo, kwa kulala chali. Halafu siku bandeji inatoka unakuta paja lenyewe limenywea kama puto la juzi. Ndicho kilichomkuta mwanadada mmoja wa Sinza, miaka 27, mtu wa ofisi, mtu wa watu.

Stori ya kuumia ni fupi. Bonanza la ofisi, netiboli, dakika za mwisho, karuka kudaka pasi, katua kwa mguu mmoja huku mwili umeshageuka upande mwingine. Paa! Wenzake wanasema mlio waliusikia. Kipimo cha MRI kikaonyesha imekatika ligamenti ya katikati ya goti, ile ACL ambayo mashabiki wa mpira wanaijua kama majina ya watoto wao. Neymar alikatika hiyohiyo Oktoba 2023, karudi uwanjani Oktoba 2024, na yule ana watu wa kumkanda asubuhi na jioni. Huyu wa Sinza ana bima. Bima ililipa operesheni bila maneno, ila mazoezi ya baada ya hapo ililipa mara chache tu, zilizobaki jitegemee.

Madaktari walichukua kano ya nyuma ya paja wakamtengenezea ligamenti mpya. Ubaya wake ni kwamba kipande hicho kikishawekwa kinadhoofika kwanza ndo kije kukomaa taratibu. Mwezi wa tatu mtu anaweza kujisikia mzima kabisa na wala asiwe mzima.

Sasa, netiboli kwake ilikuwa ya kujifurahisha tu. Maji ndo yalikuwa yake. Kakulia Tanga, kule Raskazone, kaijua bahari kabla hajajua kusoma. Alipohamia Dar mashosti wakambatiza jina la Nguva, na kila Jumapili Instagram ilikuwa lazima ione picha moja yuko majini, miguu ndo usiseme. Baada ya operesheni picha zikakata. Watu wakaanza kuuliza Nguva kapotelea wapi, wengine wakasema kaolewa.

Vidonda vilipofunga kabisa, fizio akamruhusu kuingia bwawani kwa sharti moja: kutembea. Si kuogelea, kutembea. Maji yakifika kiunoni yanabeba kama nusu ya uzito wako, yakifika shingoni mguu unabaki na kama sehemu moja tu ya kumi. Goti linajifunza upya hatua bila kubebeshwa mzigo wote. Ukisikia hivyo unaona safi. Lakini bwawani, Jumamosi saa 4 asubuhi, maana yake ni mtu mzima anatembea kwenda na kurudi upande wa watoto, katikati ya maboya ya bata.

Dogo mmoja, wa miaka kama sita, akamwangalia weee.

"Anti, hujui kuogelea?"

"Najua."

"Mbona unatembea?"

Akakosa jibu. Dogo akamwonea huruma, akamwambia shika ukuta, nyoosha miguu, piga hivi. Nguva akashika ukuta. Akapiga hivi. Kwa bahati nzuri bwawani hakuna anayejua yapi ni maji na yapi ni machozi.

Asiyejua kuogelea angecheka tu, angejifunza pamoja na dogo wakatoka wote wamefurahi. Shida ya mtu aliyekuwa mkali ni kwamba mwili unakumbuka. Mabega yanataka kwenda, kifua kinataka kwenda, halafu kuna sentimita chache za goti zinasema subiri. Wiki mbili hakurudi pale. Alimwambia mama yake bwawa limefungwa kwa usafi, na mama akajibu, "Basi liwe limeisha kusafishwa Jumamosi, mwanangu, maana mimi magongo hayo nimechoka kuyaruka hapa sebuleni." Akaenda.

Ruhusa ya kuogelea ilipokuja alianza na boya dogo la kubana katikati ya mapaja, mikono ndo inavuta kila kitu. Halafu fristaili, miguu ikipiga kidogokidogo. Mtindo wa chura alikatazwa kabisa, maana miguu inakunjwa na kufyatuka kwa nje, na goti ndo linalosokotwa hapo. Ndo mtindo aliokuwa anaupenda kuliko yote, bila shaka.

Ila kilichomshtua hakikutoka kwa fizio. Ni kaka mmoja anayelinda usalama bwawani ndiye aliyemwambia, "Dada, mbona kila ukigeuka unaenda kombo?" Kumbe akisukuma ukuta alikuwa anatumia mguu mmoja, ule mzima. Mwingine unagusa tu kwa heshima. Hakuna maumivu, hakuna aliyemkataza kuutumia, yaani mguu ulikuwepo na yeye hauamini. Tangu siku hiyo kila akienda anasukuma ukuta mara kumi kwa miguu yote miwili kabla hajafanya kingine. Za mwanzo zote zilienda kombo.

Mwezi wa saba kukawa na bethidei ya shosti, boti, safari ya kisiwa cha Mbudya. Karibu na kisiwa wakasimamisha boti ili watu waruke, simu zote hewani. "Nguva! Nguva! Nguva!" Aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote alikuwa amevaa jaketi la kuokolea na hajawahi kuachia ukingo wa boti maisha yake yote, lakini si unajua mjini kushabikia ni bure.

Daktari alikuwa hajaruhusu kuruka. Akasimama pale ukingoni, kovu linaonekana, paja moja bado jembamba kuliko jenzake, na watu wanarekodi. Halafu akakaa. Akateremka kwa makalio taratibu kama bibi anayeshuka kwenye daladala, mtu akacheka, akaingia majini bila hata kurusha maji.

Akaogelea hadi kisiwani. Amenyooka.

Video ipo, kaiposti mwenyewe, pamoja na kile kipande cha makalio. Netiboli bado hajaamua. Jezi iko kabatini, namba imeanza kubanduka.